Mwano Mkononi mwa Ndaki

Ndaki alikuwa amekaa nje ya chumba chake, katika kambi ya wachimbaji nje ya mji wa Geita, anakunywa uji wa mtama, mwano ulipopigwa ndani ya mkono wake wa kushoto.

Mwano ni yowe la Wasukuma. Ukiusikia huulizi, unashika rungu unakimbia. Majirani wakaja mbio, wakasikiliza, wakagundua sauti inatoka chini ya ngozi.

"Ni kwako, Baba Nelly?" aliuliza Masele, mkuu wa sungusungu.

"Ni kwangu," alijibu Ndaki.

"Basi tusogee."

Limi, mkewe, alimkunjia mkono wa shati. Jua la asubuhi likapita kwenye ngozi kama kwenye chupa ya soda. Ndani askari wa damu walikuwa wengi kuliko punje za mtama ghalani, kila mmoja na nyumba yake. Kirusi cha UKIMWI kilipenya kwa askari aliyelala, kikajaribu kujizidisha humo, kikashindwa, kikaacha mabaki sakafuni. Askari akaamka, akayaona mabaki, akaichoma nyumba akiwa ndani na kupiga mwano. Wenzake wakaja mbio. Mlangoni kila mmoja akakuta kirusi kingine kinamngoja, naye akaenda kuchoma nyumba yake.

Wanaume walivua kofia.

"Hakuna hata mmoja anayekimbia," alisema Masele kwa sauti ya kanisani.

"Wangekuwa wavivu kama wewe, Ndaki angenenepa," alisema Hosiana, muuza uji.

Pale hakuna aliyesahau mwano wa mchimbaji mwenzao, Marselino. Alishuka kwenye duara, shimo la dhahabu la bosi wao Kalisti, hewa mbaya ikamwangusha, akapiga mwano. Kaka yake akashuka kumtoa. Shemeji yao akashuka kuwatoa wote. Kalisti alisema wamekufa kwa ujinga wao. Pampu ya hewa hakununua.

Kalisti naye alikuja, wa mwisho, maana mwano haumbagui tajiri. Akapewa kiti. Akautazama mkono kwa muda mrefu.

"Mungu fundi," alisema.

"Dawa zinafunga milango, bosi," alisema Limi. "Zimemwishia. Kliniki wanamtaka mwenyewe, wampime damu. Mpe ruhusa leo."

"Aende. Ila akirudi atakuta mtu kwenye nafasi yake."

Ndaki alitazama uji wake. Kisha akasimama. "Nafasi na aichukue," alisema. "Nakwenda kliniki."

Limi akaingia ndani kumchukulia kadi.

Hapo mwano ukapigwa tena. Ndaki aliuangalia mkono, ulikuwa kimya. Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, chini, kwenye duara la Kalisti.

Hakuna aliyeuliza. Masele alikimbia, wanaume wakamfuata, na Ndaki, aliyekuwa karibu zaidi na kamba ya kushukia duarani, akaitupa begani akawapita wote.

Limi alitoka na kadi mkononi. Uani alibaki Kalisti peke yake, kwenye kiti, anamalizia uji wa Ndaki.