Ng'ombe Wanane Bila Fimbo

Nyundo alimvunja dalali wa ng'ombe taya asubuhi kweupe, mbele ya binti yake, siku ambayo kazi aliyopewa ilikuwa moja tu: kuhakikisha machinjioni hakuna mtu anayeleta fujo.

Jina la Nyundo halikutokana na chuma. Kazi yake ilikuwa ya kisu, na kwa kisu hakuna aliyembishia. Jina lilitokana na ngumi. Alikuwa na mkono mwepesi tangu ujana. Aliwahi kumwangusha mlinzi wa soko kwa sababu ya foleni, akamwangusha shemeji yake msibani kabla maiti haijatoka ndani, na nyumbani kwake mkewe alikuwa na jino la bandia la mbele ambalo majirani hawakuliulizia. Mke alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akahamia kwa dada yake. Mtoto wa kiume akamfuata mama. Binti, kifungua mimba, alikuwa ameshatangulia chuoni, na likizo zikija alikuwa na sababu zake za kubaki huko huko.

Kwa hiyo binti huyo alipotokea langoni mwa machinjio, na koti jeupe na sanduku la vipimo mkononi, Nyundo alisimama na kisu kinachovuja damu.

"Nimekuja kikazi, baba," binti akasema.

Alikuwa anasomea uzamivu wa sayansi ya chakula, katika chuo kilichoweka kilimo, chakula na uongozi chini ya paa moja. Bila Meno, mchunaji wa ngozi aliyefanya kazi na Nyundo tangu wote wawili wana nywele, hakuelewa.

"Sasa ukimaliza," akauliza, "utalima, utapika au utaamrisha watu?"

"Vyote vitatu, mjomba. Kama mkeo."

Wachinjaji walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo ya matumbo. Toka siku hiyo wakamwita Daktari, ingawa udaktari wenyewe ulikuwa bado uko mbali.

Utafiti wake aliwaeleza wakati wa chai, wote wamekaa juu ya kreti. Ng'ombe aliyeswagwa kwa fimbo na makelele, alisema, anaumaliza mwili wake kwa hofu kabla kisu hakijamfikia. Nyama yake siku ya pili inakuwa nyeusi, inanata mkononi, na inaharibika upesi. Aliyekufa ametulia, nyama yake inapata uchachu wake wa kawaida, inabaki nyekundu na inakaa. Yeye alitakiwa kupima ng'ombe ishirini waliopigwa na ishirini wasiopigwa, mnyama mmoja mmoja, siku moja baada ya kuchinjwa.

"Yaani miaka yote hiyo unasomea kutompiga ng'ombe?" Bila Meno akauliza. "Si ungeniuliza mimi? Ningekwambia bure."

"Ungeniambia, mjomba. Na hiyo fimbo hapo mgongoni kwako ni ya nani?"

Bila Meno akaisukuma fimbo nyuma ya kreti kwa kisigino.

Ishirini waliopigwa walipatikana ndani ya wiki, bila kumwomba mtu. Ilikuwa ni kusimama tu na kuangalia kazi ikiendelea. Waliotulia ndio walikuwa kazi. Walipatikana kumi na wawili kwa mbinde, na kila mara kitu kikaharibu: filimbi, mbwa, lori, mtu na mkewe wakigombana getini. Kamati ya chuo ilikuwa imeshamwongezea muda mara moja. Msimamizi wake alimwambia wazi kwamba mara ya pili hakuna: wanane waliobaki wapatikane mwezi huo, au aanze kufungasha.

Ndipo akamfuata baba yake. Walikuwa wawili tu, bombani, Nyundo akinawa mikono.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Sijawahi kukuomba kitu."

"Sema, mama."

"Nipe asubuhi moja. Lango lifungwe, ng'ombe wangu wanane wapite, pasiwe na fujo."

"Nani atakayeleta fujo mimi nipo?"

Binti alimtazama usoni kwa muda, kisha akatazama ile mikono. 

Nyundo alikwenda mwenyewe kwa meneja, kofia kiganjani, akaomba. Yeye, mtu asiyeomba hata njia. Meneja akakubali: Jumanne asubuhi, lango lingefungwa mpaka wanane wale waishe. Wote waliokuwa wakileta mifugo waliambiwa, dalali mmoja mmoja.

Jumanne hiyo ilianza vizuri kuliko Nyundo alivyowahi kuona. Ng'ombe walikuwa wamelala zizini na maji na majani, wamepoa. Walitolewa mmoja mmoja kwa kamba, taratibu, hakuna aliyesema neno. Bila Meno alinyatia na buti zake za mpira kama mume anayerudi nyumbani amechelewa. Nyundo alimsogelea kila mnyama kutoka ubavuni, akamwekea kiganja shingoni mpaka pumzi ikashuka, kisha kisu kikapita mara moja. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu alianguka kama aliyechoka tu. Palikuwa kimya hivi kwamba Nyundo aliisikia damu ikiingia mferejini, sauti ambayo katika maisha yake yote ya kuchinja alikuwa hajawahi kuisikia. Alimgeukia binti yake. Binti aliitikia kwa kichwa kidogo: vizuri. Nyundo akajisikia kama mtoto aliyesifiwa darasani, yeye aliyetoka shule kabla hajajua kugawanya.

Kisha lori likapiga honi.

Dalali hakusubiri lango lifunguliwe. Mmoja wa waswagaji wake alipanda ukuta, akalifungua komeo kwa ndani, na ng'ombe zaidi ya kumi wakamiminwa uani kwa marungu, mikia imesokotwa, midomo ina povu. Lori lilizuiwa njiani tangu jana yake, mteja wa nyama alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika, na dalali alikuwa amekasirika kabla hajafika.

"Uwanja umefungwa," Nyundo akamwambia. Alisema polepole. Kisu alikiacha juu ya meza ya saruji, na hilo ndilo jambo pekee la kumsifu siku hiyo.

"Umefungwa na nani? Na huyo mtoto?"

"Meneja alikwambia."

"Meneja halishi watoto wangu. Hawa kumi na tano wanaingia sasa hivi. Ng'ombe wa binti yako si wamelala? Waache walale. Waimbieni na wimbo."

Waswagaji wake wakacheka.  Nyundo alihisi damu inapanda shingoni, akaishusha. Binti yake alikuwa nyuma yake, hatua chache, akisema kwa sauti ya chini, "Baba, ongea naye tu. Waondoke taratibu. Bado hatujaharibu kitu."

"Ndugu yangu," Nyundo akasema, na neno hilo lilimkwaruza koo. "Nakuomba. Nusu saa."

"Nyundo anaomba!" Dalali aliwageukia watu wake. "Mmesikia? Mzee amelainika. Kumbe ukisomesha mtoto wa kike anakugeuza mke wake."

Hata hapo Nyundo alisimama. Wote waliokuwepo wanakubali kwamba hata hapo alisimama. Lakini dalali, kwa kuona hapigwi, alipandwa na kiburi. Akalifuata zizi ambamo watano waliobaki walikuwa wakicheua, akainua bakora, akampiga wa karibu usoni, kofi la mti juu ya jicho. Mnyama akalia, akarudi nyuma, akawagonga wenzake.

"Haya," dalali akasema. "Sasa wameamka."

Ngumi ya Nyundo ilimkuta kabla hajafunga mdomo. Mlio ulikuwa kama wa ubao unaopasuliwa. Dalali alianguka kwa magoti, akashika uso kwa mikono miwili, kidevu kimeenda upande wake na uso upande wake. Ingetosha. Kwa mtu mwingine yeyote ingetosha. Nyundo akamkamata kola, akamwinua, akampiga tena pale pale palipovunjika, na dalali akatoa sauti ambayo si ya mtu.

Waswagaji wakamvamia. Rungu la kwanza lilimpata begani, la pili kichwani, akaona nyota, akamshika mmoja kiunoni na kumbamiza kwenye nguzo ya ndoano mpaka ndoano zote zikalia. Damu ilimwingia machoni. Hakujua tena anampiga nani. Bila Meno alikuja kumshika kwa nyuma, "Nyundo, acha, Nyundo, mimi huyu," na akapigwa kiwiko cha kifua kilichomtupa chali katikati ya ua.

Na uani mle kulikuwa na ng'ombe kumi na tano wenye kichaa cha hofu. Waligeuka wote pamoja. Bila Meno alijaribu kuinuka kwenye sakafu yenye damu, buti zikateleza, na kundi likapita juu yake. Alilia mara moja tu. Fahali mmoja mwekundu alilivaa lango la zizi kwa kichwa. Nyundo alikuwa amejishikiza hapo hapo, mkono wa kulia kati ya lango na nguzo, akimtafuta mswagaji wa pili. Chuma kilifunga. Hakusikia maumivu, alisikia tu kwamba mkono umekuwa mfupi.

Muda wote huo binti yake alikuwa anapiga kelele. Nyundo alidhani analia kwa ajili yake. Vumbi lilipoanza kutua ndipo maneno yalimfikia:

"Acha, baba! Unawatisha! Unawatisha!"

Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amelishika zizi kwa mikono yote miwili, anawatazama wale watano. Walikuwa wamejibana kwenye kona, macho meupe, mbavu zinakwenda kama mivukuto, mavi yanawatiririka miguuni. Kabla ya hapo hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuguswa na fimbo, na sasa ni mmoja tu aliyeguswa.

Dalali na Bila Meno walipelekwa hospitali na lori lile lile la ng'ombe. Nyundo alizungusha aproni mkononi, akagoma kupanda.

"Wamalizeni," akawaambia wachinjaji wengine. "Watano bado wapo. Daktari anawahitaji."

"Baba, nenda hospitali."

"Wanane ni wanane."

Binti alimtazama kama mtu anavyotazama nyumba iliyoungua. Kisha akawaambia wachinjaji waendelee. Nyama ilikuwa imeshaahidiwa watu, na watano wale wangechinjwa siku hiyo kwa vyovyote.

Kesho yake Nyundo alikuja na mkono uliofungwa bandeji mpaka kiwiko. Alimkuta binti katika chumba cha baridi, pumzi zinatoka mvuke, anachoma sindano ya kipimo kwenye nyama ya mgongo, mzoga mmoja baada ya mwingine. Wale watatu wa kwanza walikuwa wekundu, wakavu, safi. Kipimo cha uchachu kilisoma tano na nusu, namba ya mnyama aliyetulia. Akahamia kwa wanaofuata. Hao hata Nyundo hakuhitaji kipimo. Walikuwa weusi kama ini, na alipogusa mmoja kwa mkono wa kushoto, kidole kiligandama.

"Sita nukta nne," binti akasoma. "Sita nukta tatu. Sita nukta nne."

"Andika tano na nusu," Nyundo akasema.

Binti hakugeuka.

"Andika, mama. Nani atajua? Hao maprofesa wako hawakuwepo. Nani alikuwepo?"

"Wewe ulikuwepo."

"Mimi si mtu wa kukusema! Ni namba tu. Mmoja ndiye aliyepigwa, basi, mwandike huyo. Hawa wanne hakuna aliyewagusa. Naapa hakuna aliyewagusa."

"Najua," binti akasema. Alifuta sindano kwa kitambaa, polepole, mpaka ikang'aa. "Wanne walitazama tu, baba. Kutazama kunatosha. Wewe ulidhani nilianzaje kuyasomea haya mambo?"

 Nyundo akafikiria jikoni kwake, mlango wa chumba cha watoto uliokuwa hauzibi vizuri, na miguu miwili midogo iliyokuwa ikionekana chini yake kila mara, imesimama, haisogei. Alikuwa akiiona. Siku zote alikuwa akiiona. 

Binti akaandika sita nukta nne.

Hasara yenyewe ni hii. Taya la dalali, lililofungwa kwa waya, na mpaka leo anakula kwa upande mmoja. Nyonga ya Bila Meno, ambaye hatembei tena bila gongo, na ambaye hakumwona Nyundo akija kumjulia hali mpaka mwezi ulipoisha. Vidole vitatu vya mkono wa kulia wa Nyundo. Mchinjaji asiye na vidole hivyo hashiki kisu, kwa hiyo Nyundo sasa ndiye anayeosha mfereji, baada ya miezi minane ya kifungo. Ng'ombe watano ambao kamati haikuwakubali katika kundi lolote, kwa sababu hawakuwa watulivu na hawakuwa wameswagwa. Nafasi moja ya uzamivu, iliyofungwa kwa barua ya mistari minne. Binti anapima nyama katika kiwanda cha soseji, mji mwingine, na namba yake ya simu Bila Meno anayo.

Nyundo hana.