Darasa Linatazama

"Anza tena, Mzee. Useme kazi yako kwa Kiingereza, polepole," alisema Spéciose, akiiegemeza simu kwenye pakiti za sukari.

Mzee Bakiri, mtu wa Tanga mwenye spaza hii, duka dogo la mtaa wa La Rochelle huku kusini kabisa mwa bara, akajikohoza na kuvuta kola. Binti huyu Mrundi alikuwa mpangaji mwenzake. Chuo kilimpa kazi ya mtandaoni: amrekodi mtu wa mtaani akieleza shughuli zake, kisha wanafunzi wenzake watazame na kuuliza maswali. Kiingereza cha Spéciose kilikuwa bado cha kuungaunga. Mbele za watu alikuwa bubu. Mtandaoni ndiko alikofunguka.

"Nimependeza, mwanangu?"

Mlango ulipigwa teke, wakaingia wanaume na marungu.

"Wageni, nje!"

Rungu la kwanza lilitua mdomoni kwa Bakiri. La pili lilimvunja mkono aliojikingia, mfupa ukalia. Alianguka chali juu ya maharage yaliyomwagika, nao wakaendelea, mbavuni, kichwani, tena kichwani, bila hata hasira, kama watu wanaotwanga. Mwenye kofia nyekundu alifungua dumu la mafuta ya taa, akammwagia.

Spéciose alikuwa amejikunyata chini ya kaunta, na hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza, kama alivyozoea kunyamaza kwenye foleni na kwenye teksi, lafudhi isimponze. Lakini mzee wa watu alikuwa anakwenda kuchomwa hai! Aliinuka, akainyakua simu, akawaelekezea nyusoni.

"Habari za mchana, darasa," alisema kwa Kiingereza. "Tuko hewani. Mwalimu, unawaona? Huyu mwenye kofia nyekundu, mnamwona wote?"

Ulikuwa uongo mtupu. Simu ilikuwa inarekodi tu, na bando lilikwisha tangu asubuhi.

Mmoja wao, aliyekwisha kutoa kiberiti, akasita.

"Eish, twendeni," mwenzake alisema, akijifunika uso kwa jaketi.

Mwenye kofia alimzaba Spéciose kofi lililompasua mdomo. Simu ikamponyoka, ikapiga sakafu, ikazima. Wanaume walikwisha kutoka, lakini hawakwenda mbali. Aliwasikia wakibishana nje ya mlango, warudi au wasirudi.

Aliiokota simu. Akakaa kwenye mafuta ya taa, akakipakata kichwa cha mzee kilichokuwa kikivuja damu, na kile kioo cheusi akakielekeza mlangoni.

"Huyu anaitwa Bakiri," aliliambia darasa kwa sauti kubwa. "Anauza mkate. Anauza maziwa. Bado anapumua."

Kiingereza kilipomwishia, alianza upya.