Mimi na Ukuta Wapi na Wapi

Marehemu mke wa fundi rangi alikuwa mtu wa yoga. Kila asubuhi alisimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameuvuta nyuma kama upinde hadi wayo ukamgusa kisogo. Mumewe akimwambia ashike ukuta asije akaanguka, alimjibu, "Mimi na ukuta wapi na wapi?"

Msiba ulipokwisha, fundi akaingia kukipaka rangi chumba alichokuwa mkewe akifanyia yoga. Alipoliondoa pazia, nyuma yake akaona alama za vidole, usawa wa bega la mkewe, zimekolea kwa miaka ya kushikwa. Akaweka brashi chini, akavua viatu, akainua mguu mmoja, kiganja juu ya alama zile.

"Muongo wewe," akanong'ona.

Rangi ikamgandia ndooni, naye hajauachia ukuta.