Siku Tatu za Kufukia Mizabibu

Alhamisi ya kwanza ya Novemba, Sapargul alipanda ngazi ya mbao akaanza kuufungua mzabibu kutoka kwenye kichanja chake. Vitambaa vya kufungia alivikata kwa kisu cha jikoni akavitia mfukoni, maana baridi ikiisha vingetumika tena. Matawi yalishuka moja moja, marefu na mazito, yakalala uani. Majani yalikuwa yamekwisha kupukutika. Redio ilisema baridi kali itaingia Jumatatu, na mzabibu ukikutwa na baridi ile haujafukiwa hufa mpaka mzizi.

Mama mkwe wake, Bikajon, alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele.

"Lile koti umelitundika?" aliuliza.

"Nimelitundika, mama."

"Wapi?"

"Langoni, kwenye msumari."

"Umelikung'uta vumbi?"

"Mara mbili, mama."

"Likung'ute na ya tatu."

Kufukia mzabibu ni kazi ya watu wawili. Mmoja hupiga magoti na kuulaza ndani ya mtaro, akiukandamiza usiruke juu. Mwingine humwaga udongo kwa jembe. Katika kijiji kile cha mkoa wa Khorezm wanaume wengi walio hai wako Urusi wakijenga maghorofa, na hawarudi kabla ya Desemba. Kwa hiyo huja wafu. Huja kwa siku tatu, kuanzia Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, na hurudi makaburini kabla ya magharibi. Hawaingii ndani, hawali, na maneno yao ni machache. Kila nyumba hutundika koti la marehemu wake langoni ili ajisitiri, kwa kuwa sanda haifai kwa kazi ya udongo. Zamani imamu aliulizwa kama jambo hili lina ubaya wowote. Alijibu kwamba mtu aliyekuja kufanya kazi asiombwe kitu, asisujudiwe, apishwe njia. Watu wakawapisha.

Kwa Sapargul huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa kutundika koti. Mumewe, Ollabergan, alikufa mwezi wa Machi, alipoanguka kutoka ghorofa ya saba katika mji wa mbali wenye theluji. Ruzimboy, msimamizi anayekusanya wanaume wa kijiji na kuwapeleka kwenye ujenzi, alileta jeneza la bati lililochomelewa pande zote. Alisema lisifunguliwe, ndivyo sheria za mpakani zilivyo. Wakazika siku hiyohiyo. Sapargul akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, hakuruka hata siku moja. Uso wa mumewe alikuwa hajauona kwa miaka miwili, maana Desemba ya mwisho hakurudi. Tangu eda iishe alikuwa akiingoja Novemba jinsi mtu mwenye saumu anavyoingoja adhana. Alijua hataweza kumkumbatia. Alichotaka ni kumwona amepiga magoti pale mtaroni, ageuze shingo na kumwambia, "Mwaga."

Ijumaa kukiwa kumepambazuka, wafu walikuja wakifuata njia ya mfereji. Upande wa pili wa ukuta, jirani yake Yoqutjon alianza kumpigia kelele mumewe.

"Umefika tu unakaa! Miaka tisa umelala, bado hujachoka kupumzika?"

"Mgongo," alisema mume.

"Mgongo gani? Mgongo tulishauzika!"

Lango la Sapargul likafunguliwa. Mtu akalichukua koti msumarini akalivaa. Mikono ya koti ilimfunika vidole, na pindo lilimfika chini ya magoti. Alikuwa mfupi, mwenye mashavu mapana, umri kama miaka thelathini. Akasimama mbele ya mzabibu uliolala chini, akautazama kwa muda mrefu.

"Asalaam aleikum, dada," alisema.

"Waaleikum salaam. Umekosea nyumba, kaka."

"Sijakosea. Nimetoka kwenye kaburi lililoandikwa Ollabergan. Njia yake inafika hapa."

Bikajon aliweka sinia chini, akaja taratibu na fimbo yake, akamtazama yule mtu usoni, kisha mikononi.

"Si yeye," alisema. "Nilijua. Kila nikienda kumsomea pale, naona kama nimepiga hodi kwa watu nisiowajua." Halafu akamkunjia mikono ya koti, mikunjo miwili kila upande, kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi namna ile.

Aliitwa Taalay, Mkirigizi kutoka milima ya Naryn. Lugha yake ilikaribiana na yao, ila aliitamka kama mtu mwenye chai ya moto mdomoni. Alisema siku ile ya Machi yeye na Ollabergan walisimama juu ya ubao mmoja, mmoja kila ncha.

"Alikuwa anatuchekesha," alisema.

"Alisema nini?" aliuliza Sapargul.

"Alisema ubao huu ni mwembamba kuliko supu ya Ruzimboy."

"Halafu?"

"Halafu ukakatika."

Akaeleza kwamba waliwekwa kwenye majeneza mawili yanayofanana, yakachomelewa, ndipo watu wakaanza kubishana yupi ni yupi. Yeye alikuwa ndani akisikia. Ruzimboy alikuwa na haraka, kwani lori lilikuwa linaunguruma. Akasema, "Andika tu. Wote Waislamu."

Sapargul alikaa ukingoni mwa mtaro. Alikaa mpaka jua likapanda juu ya ukuta wa Yoqutjon. Taalay hakumharakisha. Mwishowe akakohoa.

"Dada, hiki kitu kinafanywaje? Kwetu hakuna."

Sapargul akainuka, akamwonyesha. Jumatatu haikuwa mbali. Taalay aliukandamiza mzabibu kwa nguvu zote na tawi moja likalia.

"Polepole! Huo si ubavu wa ng'ombe!"

"Nisamehe. Kwetu ni ng'ombe tu."

Jumamosi Sapargul alikwenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti Matkarim alikuwepo, na Ruzimboy pia, wakinywa chai. Sapargul alieleza kwamba aliyemo kaburini si mumewe, naye mumewe amezikwa milimani kwa watu wengine, na anataka warudishwe kila mmoja kwao. Mwenyekiti alifungua jalada.

"Karatasi zinasema Ollabergan."

"Mwenyewe anasema ni Taalay."

"Ana kitambulisho?"

"Ana sanda."

"Sasa unaona," alisema mwenyekiti kwa upole.

"Shemeji," alisema Ruzimboy, "usiikufuru neema. Umeletewa mtu na kazi anafanya. Kuna nyumba hapa zimetundika koti miaka minne na hakuna aliyekuja."

"Hao nao uliwapeleka wewe?"

Ruzimboy alipuliza chai yake.

Mwenyekiti akasema kubadilishana kunawezekana. Inatakiwa barua ya nchi hii, barua ya nchi ile, na barua ya mochwari. Ila ya kwanza kabisa, kabla ya zote, ni barua ya msimamizi kukiri kwamba alikosea. Wote wawili wakamtazama Ruzimboy.

"Mimi sikukosea," alisema Ruzimboy. "Niliambiwa nilete jeneza, nikaleta." Akaomba sukari.

Mwenyezi Mungu ndiye anayejua kila mja wake amelala wapi. Mwenyekiti anajua kilichoandikwa. Sapargul alirudi nyumbani akakuta Taalay amechimba mtaro wa pili, mzuri kuliko ule wa kwanza.

Jumapili Taalay alimtajia namba ya simu ya mkewe, Burul. Sapargul akapiga akiwa amesimama uani.

"Naitwa Sapargul, niko Khorezm. Mumeo yuko hapa kwangu, anafukia mzabibu."

Burul akauliza, "Amevaa nini?"

"Koti la mume wangu. Linamzidi."

"Basi huyu mrefu ndiye wako," alisema Burul. "Huku kwetu wafu hawana desturi ya kutoka. Amekuja peke yake tangu juzi. Nimempa joho la Taalay, halimfiki magotini. Dada, anatafuta cha kufukia. Kabichi zangu kafukia. Kigoda cha kukamulia kafukia. Leo asubuhi kailaza ngazi ya darini, kapiga magoti juu yake, ananitazama."

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nikamwaga udongo."

Sapargul alicheka. Hakuwa amecheka tangu Machi, na kicheko kilipotoka kilitoka na vitu vingine, ikambidi ajifute kwa pembe ya mtandio.

"Mpe simu, dada yangu. Nakuomba."

"Nimeshamwekea sikioni. Sema."

Sapargul alisema. Kilichorudi kilikuwa upepo. Taalay naye akajaribu kusema na mkewe, na Burul akasikia upepo vilevile. Sauti zao hazipiti kwenye simu. Ikabidi wanawake wawapitishie maneno.

"Wako anasema ng'ombe mwekundu abadilishiwe kamba," alisema Sapargul.

"Ndiye huyo," alisema Burul. "Wa kwako anauliza kama mzabibu umeshalala."

"Mwambie umelala. Mwambie..." Akatafuta neno la kumalizia. Alikuwa na miaka miwili ya maneno, na yote yalikuwa yapitie kinywani mwa mke wa mtu. "Mwambie umelala vizuri."

Bikajon akaichukua simu.

"Wewe binti! Mwanangu ana kofia?"

"Ana kofia, mama. Ya manyoya."

"Imemfunika masikio?"

"Nimemfunika mwenyewe."

"Mungu akulipe," alisema Bikajon, akairudisha simu.

Kabla ya magharibi Taalay alitandika mabua ya pamba juu ya mtaro, akaongeza udongo wa mwisho, akalitundika koti msumarini. Bikajon alimuuliza kama mama yake yu hai. Akasema yu hai. Bikajon akamtaka ainamishe kichwa, akamwombea dua yote ambayo mama yule angemwombea, akiipitia kila sehemu yake bila haraka. Wafu wengine walimsubiri mferejini. Jumatatu baridi iliingia kama redio ilivyosema, na mzabibu haukupata neno.

Jina kwenye jiwe halikubadilishwa. Fundi wa mawe alisema hawezi kugusa patasi bila barua. Sapargul aliendelea kwenda kila Ijumaa, akisoma Yasini mara mbili, moja kwa aliyemo na moja kwa asiyekuwemo. Mwezi wa Februari basi la Ruzimboy lilisimama mbele ya msikiti likachukua wanaume tisa. Mmoja alikuwa mtoto wa Yoqutjon.

Theluji ilipoyeyuka Sapargul aliufukua mzabibu. Akakata vipande vinne vyenye macho mazuri ya kuchipua, akavizungushia gunia bichi, akampa dereva wa lori la vitunguu anayekwenda milimani. Burul alipiga simu alipovipokea.

"Dada, zabibu huku haziivi. Baridi inawahi."

"Si lazima ziive," alisema Sapargul. "Panda tu. Apate cha kufukia."

Burul akavipanda kando ya ukuta wa zizi. Vitatu vikashika.

Novemba ilipofika, Burul alipiga simu Ijumaa asubuhi.

"Amekuja. Ameuona."

"Akafanyaje?"

"Kwanza alisimama tu. Hata kiunoni haufiki, dada, ni kitu kidogo. Akaupapasa. Sasa ameulaza, amepiga magoti, ananitazama."

"Basi nenda," alisema Sapargul. "Usimweke."

Burul akaiweka simu juu ya ukuta bila kuikata. Sapargul akasikia udongo ukimwagwa, mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu. Akasikiliza mpaka simu ilipozima. Kisha akashika jembe lake, kwa maana Taalay naye alikuwa amekwisha kupiga magoti mtaroni, amegeuza shingo, anamngoja.

"Mwaga," alisema Taalay.

Akamwaga.