Mlima Uliosikiwa Vibaya

Attracta Gaughan alipanda mlima kwa miguu Ijumaa mchana, begi mgongoni, kipande cha mkate wa siagi mfukoni. Mvua nyembamba ilikuwa ikiingia kutoka baharini. Kando ya njia, chini ya nyasi, matuta ya viazi yalionekana bado kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Hayajavunwa tangu mwaka wa njaa, viazi vilipooza ardhini. Mwaka uleule siagi na ngano za wilaya hiyohiyo zilipakiwa melini, askari wakilinda kwa bunduki. Hilo Attracta aliambiwa na bibi yake, naye bibi aliambiwa na wake. Watoto saba wa ukoo wao walizikwa mlimani hapo bila jeneza.

Juu alimkuta Prunty, ofisa wa serikali wa leseni za uchimbaji, amevaa tai shingoni, ametandaza ramani juu ya boneti ya gari. Festy Mongan, mfuga kondoo, alikuwa amekaa ukutani akivuta kiko. Saa kumi leseni ingetiwa saini, na Jumatatu mashine zingeingia. Attracta alikuwa amesafiri siku mbili ili kuizuia.

"Hapa hakuna makaa ya mawe," alisema. "Mchora ramani alikuwa askari wa Kiingereza. Aliuliza jina la mlima, akaambiwa kwa Kiairishi, *gol*. Kilio. Akasikia *gual*. Makaa. Ndiyo akaandika."

"Bibie, ramani ni ramani."

"Basi ngoja saa nane uusikie ukilia. Hulia kila siku."

Prunty hakuwa na pingamizi.

Saa nane ikafika. Kimya. Saa tisa, kimya.

"Umegoma," alisema Festy. "Umeona tai ya serikali."

"Mzee Festy, nyamaza," alisema Attracta.

Saa kumi kasoro robo Prunty akafungua kalamu. Attracta akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye nyasi, akawaita wale watoto kwa majina, mmoja mmoja, kwa Kiairishi. Alipotaja la saba, mlima ukaanza kulia, kwa sauti ya chini kwanza, kama mtu anayejizuia mbele ya wageni. Maji yakatoka kati ya mawe, yakamlowesha Prunty viatu. Akachovya kidole, akaonja.

"Yana chumvi."

"Ni machozi."

"Ni machozi, sibishi. Ila fomu hii haina mahali pa machozi."

"Ina mahali pa nini?" aliuliza Festy.

"Pa makaa."

Saa kumi kamili akatia saini. Pembeni aliandika kwamba ardhi ina unyevu.

Jumatatu mashine zikaingia. Mtaro ukachimbwa wa kupeleka machozi baharini, na wafanyakazi wakahamishia chai yao saa nane, maana wakati huo hawakusikilizana kwa kilio cha mlima. Siku ya tatu mashine ilitoa mfupa wa kisigino, mdogo kama kifungo cha koti. Karani wa machimbo akaufuta udongo, akafungua kitabu cha kuandikia vilivyochimbwa. Attracta, aliyesimama nyuma ya ua wa waya, akamtajia majina yote saba, polepole, ili asikosee kuyasikia.

Karani alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaandika: makaa ya mawe, kipande kimoja.