Chungu cha Mphikeleli

Mwaka mzima MaZakwe hakushika udongo. Mjane aliyevaa nyeusi haendi na wenzake kwenye shimo la udongo wa ufinyanzi, wala hasogelei moto wao wa kuchomea vyungu, maana wanasema vyungu vitapasuka. Hebu waache na maneno yao. Vyungu vya wanawake wa bonde la Thukela hupasuka kila siku bila mjane yeyote kuvitupia jicho, kwa uvivu wa kukanda tu, lakini akipatikana wa kusingiziwa roho zinatulia. MaZakwe hakubishana. Alikaa kwake akiwasikia wakicheka kule chini, na jioni akapika chakula cha mtu mmoja, akakila nusu.

Eda ilipoisha, nguo nyeusi zikachomwa, na Ndabezinhle, mdogo wa marehemu mumewe, akaja kumwambia kwamba ng'ombe wa tambiko amepatikana. Sasa watairudisha roho ya Mphikeleli nyumbani, ikae na wazee wake waliotangulia.

"Chungu cha pombe ni kazi yako, shemeji," alisema. "Utatutengenezea, au nikanunue ndoo ya plastiki mjini?"

"Kanunue. Kisha umwite kaka yako mwenyewe, umwambie aje anywe kwenye ndoo."

"Natania tu."

"Najua. Ndiyo maana hujala kofi."

Alipoondoka, MaZakwe alikaa kitako mlangoni. Alikuwa na jambo lake na Mphikeleli, na hakuna aliyelijua. Asubuhi ile mumewe aliposafiri kwenda Johannesburg kazini waligombana. Alisema blanketi zinanuka moshi wa vyungu, hata kule kazini wenzake humcheka. Yeye akamjibu, "Basi nenda ukalale kwa mke wako mkubwa, kwake hakunuki chochote." Mphikeleli akachukua begi lake akatoka bila kula. MaZakwe hakumsindikiza. Aliyerudi ni maiti ndani ya jeneza.

Kwa hiyo chungu hiki hakikuwa cha sherehe tu. Pombe ikilala usiku kucha kule ndani, mwisho wa nyumba, mahali pa wazee, asubuhi watu hutazama kama imepungua. Ikipungua, aliyeitwa amekuja na amekunywa. MaZakwe alitaka Mphikeleli anywe kutoka mkononi mwake. Akinywa, basi amemsamehe. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Akachimba udongo peke yake, akautwanga, akaukanda, akajenga chungu pete juu ya pete. Tumboni alikibandika vinundu vidogo kwa safu, akakisugua kwa kokoto la mtoni mpaka kikawa laini kuliko shavu. Hakuna jirani aliyekuja kumshikia kuni. Walishazoea kumkwepa, na mazoea hayachomwi pamoja na nguo. Moto wa kwanza wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe ulikitoa chekundu, kizima, bila ufa. Akashusha pumzi. Lakini chekundu si cha wazee, wao wanapenda giza. Akakirudisha kwenye moto mdogo wa nyasi na mavi, akaufunika kwa bati kuukuu ili moshi usitoroke, akakaa pembeni akikohoa. Alipofunua bati, chungu kilikuwa cheusi tii. Akakipaka mafuta ya ng'ombe kingali na joto, akakisugua kwa kitambaa mpaka akauona uso wake mwenyewe umo humo, umezeeka.

Kilibaki kitu kimoja. Chungu kipya hunywa. Kila mfinyanzi wa kule hukichemshia uji mwembamba kwanza, uzibe vitundu vya ndani, ndipo kitiwe pombe. MaZakwe aliuweka uji motoni, akaukoroga, kisha akausimamia akiutazama. Uji huu ni wa nani? Ni chakula cha watu walio hai. Kwa nini chungu cha Mphikeleli kionje kingine kabla ya pombe yake mwenyewe? Moyo ulimkatalia. Akawamwagia kuku ule uji, na chungu akakipeleka vile vile kilivyo.

Wakakiweka nyumba kubwa, kwa MaSokhela, mke wa kwanza. Ndiyo desturi, mwenye nyumba hurudi nyumba kubwa, hata kama miaka yote alilala kwingine. Ndabezinhle alitoka kwenye kaburi la kaka yake akiburuta tawi la mti la kuileta roho, akimsemesha njia nzima: hapa ni mtoni, hapa ni zizini kwako, inama, mlango ni mfupi. Pombe ya mtama ikatiwa mpaka karibu na mdomo, ikafunikwa, mlango ukafungwa.

Asubuhi walijaa humo ndani. Ndabezinhle aliinua kifuniko, akachungulia, akapima kwa vidole.

"Imeshuka," alisema. "Vidole viwili vizima."

Wanawake wakapiga vigelegele. Amekuja, MaZakwe alijiambia. Amekunywa, jamani, hana kinyongo na mimi.

"Kitoe, shemeji," Ndabezinhle alimwambia. "Ni kazi ya mkono wako."

Akapiga magoti, akapitisha kiganja chini ya chungu. Kilikuwa kimelowa. Palipokaa chungu, sakafu iliyokandikwa samadi ilikuwa imelainika, na duara la unyevu limetanuka. Akapabonyeza kwa kidole, akanusa. Pombe.

MaSokhela alikuwa nyuma yake. Mama huyu alikuwa na nyumba kubwa, na ndani yake miaka na miaka hakulala mwanamume. Alimwinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

"Mdogo wangu, wewe unavijua vyungu. Niambie kweli. Amekunywa kwangu?"

MaZakwe alimtazama. Macho ya MaSokhela yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa ameshika nguo yake kifuani kama msichana anayengoja posa.

"Amekunywa, dada," MaZakwe alisema. "Hiki hakivuji."

MaSokhela akakaa chini akalia, akicheka humo humo, na wanawake wakamzunguka. MaZakwe akaufuta mkono wake kwenye sketi, akakiinua chungu, akakipeleka kwa wanaume. Alikula nyama aliyopewa, akaitikia nyimbo, na kabla jua halijazama akaaga, akijifungia pombe kidogo kwenye kibuyu.

Kwake alikuwa na chungu kidogo cha zamani, kilichochemshiwa uji tangu ujana wake, hakidondoshi hata tone. Alikitia ile pombe mpaka kwenye alama iliyo karibu na mdomo, akakiweka ndani, mwisho wa nyumba yake mwenyewe, kinyume cha desturi, akakifunika vizuri.

"Nilikosea," alisema kwa sauti, akiwa peke yake. "Njoo unywe hapa. Nyumba inanuka moshi, ndiyo, lakini njoo tu."

Alfajiri alifunua. Pombe ilikuwa pale pale kwenye alama. Alichungulia tena kutoka upande wa mlango, penye mwanga zaidi, kisha akaketi mkekani, akakishika kwa mikono miwili, akaanza kunywa.