Jani Moja la Kinyume

Kwa heshima zote zinazostahili tukio zito, naeleza jinsi bibi yangu, Arvilla Haugen, alivyojitanda mtandio, akavaa miwani ya jua siku ya mawingu, akaendesha gari kuvuka miji miwili ya Iowa kwenda kununua cherehani, kama mtu anayefuata magendo.

Mimi, Maren, nilikuwa likizo kutoka bweni. Nilichukuliwa kama mlinzi.

Chanzo ni vidole vyake. Baridi yabisi ilikuwa imevikamata, na mfarishi wa harusi ya binamu yangu ulikuwa haujadariziwa: viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini, vyote vikisubiri mishono ya kuvishikamanisha. Kanisani kwetu kazi hiyo hufanywa kwa mkono. Wanawake huizunguka fremu inayotandaza mfarishi kwenye chumba cha chini, kila mmoja na kiti chake, na kiti cha Bibi kilikuwa cha mama yake. Anayeshona kwa mashine hunyang'anywa kiti na kuhamishiwa kwenye birika la kahawa. Sheria hiyo ni ya Bi Verdene Stolz. Bi Inga yuko birikani tangu mwaka juzi, na kahawa yake ni chungu kama roho yake.

"Mnataka ya kusimama au ya kukaa?" aliuliza Bwana Orrin, mwenye duka.

"Ya kukaa," Bibi alinong'ona. "Nyonga hizi hazitaki kusimama."

"Basi hapa mashine inatulia, wewe ndiye unayetembeza kitambaa. Angalia koo tu."

Koo ni ile nafasi kati ya sindano na mwili wa mashine. Bibi alikuwa amebeba mfarishi wenyewe, umeviringishwa kama maiti. Mashine ya kwanza ilikabwa.

"Hiyo inameza punje," alisema Bibi. "Lete yenye koo la mtu mzima."

Ya pili ilimeza vizuri, ila meza yake ilikuwa ndogo. Mfarishi ukaporomoka sakafuni na kumvuta Bibi nusura aufuate. Ya tatu ilikuwa imezamishwa kwenye meza pana, koo kama lango, na ilikuwa na kifaa cha kulinganisha mishono na mwendo wa mikono.

"Nikikimbia?"

"Inakimbia nawe, mama."

"Nikisimama?"

"Inasimama."

"Babu yako, Maren, hakuwahi kufanya hata moja."

Bwana Orrin akamtandikia kitambaa cha majaribio, ambacho kila mteja huchora juu yake kwa sindano. Nilimshauri Bibi, kwa utulivu wa kitaaluma, ampe salamu Bi Verdene. Sindano ikaimba. *Verdene ana pua nde…*

Hapo akaisimamisha mashine. Kando ya maandishi yake kulikuwa na shada la majani ya uzi wa buluu. Yote yalielekea kulia, isipokuwa moja.

Kwetu kila mtu analijua jani hilo. Bi Verdene huligeuza makusudi katika kila mfarishi wake, kwa kuwa mkamilifu ni Mungu peke yake. Na usipoliona, atakuonyesha.

Bibi alivua miwani. "Nani kashona haya?"

"Mteja fulani. Huwa anakuja na wigi. Tena somo lake ni sasa hivi."

Kengele ya mlango ikalia. Wigi likaingia, na chini yake Bi Verdene.

"Nimefuata uzi tu," alisema.

"Na nywele umefuata wapi?" aliuliza Bibi.

Bi Verdene alikisogelea kitambaa. "Nina pua nini?"

"Huyu mtoto ndiye kanituma."

"Mkono ni wako, Arvilla. V yako naijua tangu darasa la pili."

Kisha Bi Verdene akanyoosha dole gumba, limevimba kama kiazi. "Tangu Pasaka halishiki sindano." Bibi akaweka lake kando ya hilo. Vilikuwa viazi vya shamba moja.

"Chukua hiyo hiyo," Bi Verdene alisema, akiipigapiga ile ya tatu. "Ndiyo niliyonunua. Na tusimwambie mtu. Inga asijue."

Ndipo nilipoazima mkasi wa Bwana Orrin, nikakikata kipande chenye pua na jani, nikakitia mfukoni.

"Rudisha!" walisema kwa pamoja.

"Nitarudisha," nilisema, "Bi Inga akishapata kiti chake."

Jumatano Bi Verdene alisimama mbele ya fremu akatangaza kwamba, baada ya maombi marefu, ameona cherehani nayo ni kiumbe cha Mungu. Bibi alibaki kwenye kiti cha mama yake, mfarishi wa harusi ukiwa umekwisha. Bi Inga aliketi kando yake, akalia kidogo. Nikarudisha kitambaa.

Birika lilihitaji mtu. Wazee wawili walinielekezea madole gumba manne.

Ninalihudumia kwa unyenyekevu. Na kwa kuwa mkamilifu ni Mungu peke yake, kila birika natia kijiko kimoja cha chumvi.